Kutengeneza baiskeli mwenyewe nyumbani bila kutamani kuitupa mtoni

Kila nikiigeuza baiskeli miguu juu hapo uani lazima apite mtu. Jirani, dogo wa jirani, bodaboda anayesubiri abiria pale konani. Na maswali ni yaleyale tangu mwaka juzi: mbona nimeziba pancha jana na asubuhi naikuta imelala tena, mbona pedali ya kushoto haifunguki, mbona gia zinaruka, hivi oili chafu ya gari inafaa kwenye cheni? Nimejibu hadi mdomo umechoka asee. Basi leo naandika yote sehemu moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Mi niko Pasua hapa Moshi, sio fundi, sijasomea popote. Nina baiskeli mbili, moja ya gia ya mtumba na nyingine Phoenix ya dingi ambayo ni nzito kama mlango wa geti. Naendesha mjini, nashuka Mabogini kwenye mashamba ya mpunga, na nikiwa na wazimu napandisha Kibosho. Nimeharibu vitu vingi sana kabla sijajua kutengeneza vichache, na nilichokigundua ni hiki: kazi yenyewe sio ngumu kihivyo. Kinachokera ni kwamba umeanza jumapili saa kumi na mbili jioni, una spana moja ya kuazima, na kesho saa moja unatakiwa kazini na baiskeli ndo usafiri wako. Hapo hata nati moja inakuwa vita.

Kabla hujashika spana

Andaa hivi vitu, na nasema andaa, sio "ntatafuta nikifika hapo":

- Spana namba 15 nzima, isiyofunguka mdomo. Nati za magurudumu na pedali nyingi ni 15. Spana malaya (ile ya kupanua na kubana mdomo) beba kwa dharura tu, ndo inayoongoza kwa kula pembe za nati.
- Elenki (funguo za pembe sita) namba 4, 5 na 6. Baiskeli za gia karibu kila kitu ni hizo, hasa 5.
- Bisibisi ndogo ya nyota na plaizi.
- Vyuma vya kubandulia tairi viwili au vitatu. Huna? Tumia mipini ya vijiko vigumu vya chakula, ila usichukue vya mama mwenye nyumba bila kuaga, mi nilishalala na njaa kwa hilo.
- Viraka, gundi ya pancha, kipande cha msasa, pampu.
- Beseni la maji, matambara, mswaki wa zamani, mafuta ya taa kidogo, grisi, oili.
- Kifuniko cha ndoo ya rangi cha kuwekea nati, na shuka kuukuu la kutandika chini. Shuka usilidharau. Gololi ikidondoka kwenye nyasi au kwenye vumbi letu hili hiyo umeshazika, usipoteze saa nzima unapapasa kama unatafuta meno.
- Simu yenye chaji.

Na kama unaenda kununua tyubu au tairi, soma ubavuni mwa tairi la zamani na uende na namba yote, usiende dukani ukasema "nipe ya ishirini na sita". Hapa watu wengi wameliwa hela. 26 × 1.95 na 26 × 1 3/8 ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa zote zinaitwa 26! Ile ya sehemu, ya 1 3/8, utaikuta sana kwenye mitumba ya Kijapani yenye kikapu mbele, na ringi yake ni kubwa kidogo kuliko ya baiskeli ya milima, tairi la moja haliingii kwa nyingine hata ukilipigia magoti. Ukiwa na wasiwasi tafuta namba ndogo kama 50-559 au 37-590, zile tarakimu tatu za mwisho ndo kipenyo cha ringi kwa milimita, na hizo hazidanganyi. Angalia na valvu: kuna ile nene kama ya pikipiki, kuna ile nyembamba, na kuna ile ya Phoenix yenye kimpira ndani.

Kazi yenyewe

1. Chagua muda. Jumamosi asubuhi ukishakunywa chai. Maduka ya spea yako wazi na mwanga upo, ukikosea una siku nzima ya kurekebisha. Jumapili asubuhi Moshi unaijua, watu kanisani, ukivunja kitu hupati wa kukuuzia. Na usiku usifanye, hata kama una taa ya kichwa.

2. Osha kwanza. Maji na sabuni kidogo, tambara, basi. Ukifungua baiskeli chafu unaingiza mchanga ndani ya sehemu zenye grisi, yaani unatengeneza huku unaharibu. Ila usipige maji ya presha kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na kwenye krenki (mkono unaobeba pedali), yale yanasukuma grisi nje na tope ndani. Vijana wa kuosha pikipiki wakikupa ofa ya bure shukuru ukatae.

3. Piga picha. Upande wa kulia, upande wa kushoto, waya zinavyopita, washa zilivyopangana. Utajiona mjinga unapiga picha nati. Saa tisa mchana utajishukuru.

4. Jua nati inafunguka upande gani. Kawaida kulia unakaza, kushoto unafungua. Sasa pedali ya kushoto iko kinyume, na kikombe cha kulia cha krenki (kile kinachoshika gololi zake kwenye fremu) nacho kwenye baiskeli nyingi kiko kinyume. Hii ya pedali ndo ilinifundisha adabu. Niliing'ang'ania ya kushoto kama nusu saa, nikaisimamia spana kwa miguu miwili, kumbe muda wote naikaza. Nikaikokota hadi kwa fundi mmoja mzee anayekaa chini ya mwarobaini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeifungua mwenyewe?"

"Nilijaribu mzee, imeshika kutu."

Hakusema kitu. Akaweka spana, akazungusha upande ule mwingine, akapiga ngumi moja, ikaachia. Akanitazama kwa huruma, hela hakuchukua, na hiyo ndo iliniuma zaidi.

Njia rahisi ya kukumbuka: simamisha baiskeli kwa magurudumu yake, weka spana kwenye pedali ikiwa imeelekea juu, alafu ivutie nyuma ya baiskeli. Inafungua, iwe ya kulia iwe ya kushoto. Kukaza ni kuisukuma kuelekea mbele. Na ukirudisha pedali anza kwa vidole, ikigoma toa uanze upya, ukilazimisha na spana unakula nyuzi za krenki na hapo umenunua krenki.

5. Nati iliyoshika kutu usiipige vita. Pulizia ile dawa ya kulegeza kutu, huna basi dondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, uache. Sio dakika mbili. Acha nusu saa au hata usiku kucha, gonga taratibu na nyundo ili yapenye, alafu ndo ujaribu. Spana ikae yote kwenye nati, mkono mmoja ukandamize isiteleze. Mi nilitumia 16 kwenye nati ya 15 kwasababu ya 15 ilikuwa kwa jirani na jirani kasafiri, nati ikawa duara kama shilingi. Tulikuja kuikata na msumeno.

6. Toa gurudumu. La nyuma linawatisha watu bure. Kwanza peleka gia kwenye jino dogo kabisa la nyuma, yaani lile duara dogo kabisa la meno, ili cheni ilegee. Legeza breki, zile za mikono miwili mirefu unazibana kwa kiganja alafu unachomoa kile kibomba kilichopinda. Geuza baiskeli juu chini kwenye shuka. Fungua nati zote mbili, vuta kimkono cha gia (kile chenye vijigurudumu viwili kinachoning'inia) nyuma kwa kidole, gurudumu linatoka lenyewe. Haijatoka? Angalia kama kuna keria au madigadi imefungwa kwenye ekseli hiyohiyo. Siku moja nilivuta hadi jasho, kumbe mkono wa keria upo.

7. Toa tyubu. Toa upepo wote. Minya tairi pande zote liachie ringi, waya wa ukingoni udumbukie katikati ya ringi pale penye bonde, hapo ndo unapata nafasi ya kubandua. Ingiza chuma cha kwanza, cha pili sentimita kumi pembeni, telezesha. BISIBISI USITUMIE. Najua ipo karibu, najua umeona fundi akiitumia. Yeye ana mkono, we utatoboa matundu mawili mapya na utaziba matatu badala ya moja.

Kabla hujaichomoa tyubu weka alama kwenye tairi pale valvu ilipokaa. Utaona umuhimu wake hatua inayofuata.

8. Tafuta tundu na tafuta KISABABISHI. Jaza upepo tyubu iwe nono, izungushe taratibu ndani ya beseni, povu linakuonyesha. Ukiona la kwanza usisimame hapo, maliza mzunguko wote, miiba huwa haiji mmoja. Ukipita njia za chini kule kwenye migunga unaweza kutoka na minne kwa siku.

Sasa hapa ndo jibu la swali la "mbona imelala tena asubuhi". Tyubu umeziba, mwiba umeuacha ndani ya tairi. Iweke tyubu sambamba na tairi kwa kutumia ile alama ya valvu, uangalie tundu linaangukia wapi, alafu pitisha tambara ndani ya tairi lote, likikwama hapo pana kitu. Tambara kwanza, sio vidole, kuna vipande vya waya vinachana. Mwiba wa mgunga unaweza kukatikia ndani ya raba kabisa nje huoni kitu, ndani kimebaki kincha kidogo, ukikaa juu ya baiskeli kinachoma na ukishuka kinarudi. Kitoe na plaizi au kisukume na msumari kutoka ndani.

Na tundu lenyewe linaongea:

Likiwa moja upande wa nje, ni mwiba au chupa. Yakiwa mawili yamekaa sambamba kama nyoka kauma, ulipiga shimo na upepo ulikuwa mdogo, ringi ikaibana tyubu. Likiwa upande wa ndani, unaogusa ringi, hiyo ni spoku inachoma, angalia ule ukanda wa raba unaofunika vichwa vya spoku kama umesogea au umechanika. Na likiwa kwenye shina la valvu pole sana, hapo hakuna kiraka, ni tyubu mpya.

9. Ziba. Kausha. Piga msasa eneo kubwa kidogo kuliko kiraka hadi raba ipoteze kung'aa, na ule mstari ulionyanyuka ukipita hapo usugue uishe kabisa la sivyo upepo utapita pembeni mwake. Paka gundi nyembamba. Alafu SUBIRI. Dakika tano, hadi ukigusa pembeni haishiki kidole kama maji. Watu wote, na nasema wote, wanabandika gundi ikiwa mbichi kwasababu kwenye akili yetu gundi inashika ikiwa mbichi, hii sio hivyo, inatakiwa ikauke kwanza. Bandika, kandamiza kwa nguvu na mpini wa bisibisi au chupa (haya, hapo bisibisi ruksa). Paka unga wa chaki au poda ya mtoto juu, ili isijigandishe kwenye tairi.

10. Rudisha. Weka upepo kidogo kwenye tyubu ipate umbo, isijikunje. Upande mmoja wa tairi uingie wote, tyubu ifuate, alafu upande wa pili. Anzia mbali na valvu na umalizie kwenye valvu, kwasababu pale kwenye valvu tairi haliwezi kudumbukia bondeni vizuri, ukimalizia kwingine linakaza bure na utaanza kutafuta vyuma. Sehemu ya mwisho sukuma kwa viganja. Kisha sukuma valvu juu kidogo ndani ya tairi na uivute tena, tyubu isibanwe pale. Zunguka pande zote mbili ukichungulia kama kuna tyubu inatoa ulimi.

Upepo jaza kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni. Mashine ya upepo ya sheli kuwa nayo makini, ile imetengenezwa kwa ajili ya gari, tyubu ya baiskeli inapasuka ukiwa bado unasema "ongeza kidogo". Gusa, acha, gusa, acha.

11. Cheni. Mafuta ya taa na mswaki, futa, kausha. Mbali na jiko la mkaa, tafadhali. Alafu tone moja la oili kwa kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume dakika moja, alafu FUTA tena na tambara kavu. Oili inatakiwa iwe ndani ya viungo, ya nje inakusanya vumbi tu, na vumbi la barabara za huku chini kiangazi likichanganyika na oili linakuwa msasa wa maji. Oili chafu ya gari? Ina unga wa chuma ndani, unaweka ugonjwa. Mafuta ya kula yanagandamana yanakuwa ulimbo. Oili safi ya injini ni sawa kwa mwenye bajeti yetu, ila futa.

Kujua kama cheni imechoka chukua rula. Vipande 24, yaani kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, ikiwa mpya ni sentimita 30.5. Ikipita 30.6 jiandae kubadilisha. Ikifika 30.8 meno ya nyuma nayo yameshaliwa, ukiweka cheni mpya peke yake itaruka juu yake na utamlaumu muuza duka bure.

12. Breki. Ukishuka kutoka Kibosho hadi mjini bila breki za uhakika hizo hela za spea zitaenda hospitali ya KCMC. Raba iguse ringi tu, isipande kwenye tairi maana inalikata ubavu, isishuke chini ya ringi maana inazama kwenye spoku. Iache nafasi ya milimita mbili hivi kila upande. Ikipiga kelele, ukiwa unaikaza weka kipande cha boksi nyuma ya raba, ili mbele iguse kwanza. Ukiona kama vipande vinavyong'aa vimezama kwenye raba vichokonoe, hizo ni chembe za ringi na mchanga, zinakata ringi kama tindo. Masika, Machi hadi Mei, angalia raba kila wiki, tope linazila vibaya mno.

Oili isiguse ringi wala raba. Imegusa? Ringi futa na spiriti, raba piga msasa.

13. Gia za nyuma. Haya, vuta stuli. Hapa ndo ndoa zinapovunjikia.

Siku moja nilirudi Arusha na basi, baiskeli imelazwa juu ya keria na mizigo, kufika Moshi gia zinaruka. Nikaanza kuzungusha viskrubu. Saa tatu! Nikirekebisha juu chini panaharibika, nikirekebisha chini juu panakataa. Nimefika hatua ya kuongea nayo. Kumbe kile kipande kidogo kinachoning'iniza kimkono cha gia kwenye fremu kilikuwa kimepinda, baiskeli ililalia upande wa kulia. Hakuna skrubu duniani inayorekebisha chuma kilichopinda.

Kwahiyo mpangilio ni huu, na usiruke:

a) Simama nyuma ya baiskeli, funga jicho moja. Vile vijigurudumu viwili vya kimkono vikae mstari mmoja wima na meno ya nyuma. Vimelala kuelekea spoku? Kimepinda. Ishia hapo, peleka kwa fundi anayejua, akinyoosha ndo uendelee.

b) Angalia waya. Uchomoe kwenye ganda lake uone kama unateleza. Ukiwa na kutu au umenyumbuka badilisha waya na ganda, ni bei ndogo, na nusu ya kesi za gia ni hapo tu.

c) Peleka gia kwenye jino dogo kabisa, legeza waya kabisa. Skrubu yenye herufi H irekebishe hadi kijigurudumu cha juu kikae wima chini ya jino dogo. Hii H ikishakaa sawa usiiguse tena hata ukishawishika.

d) Vuta waya kwa plaizi, usiwe legelege, bana nati yake. Badilisha gia moja. Cheni ikisitasita kupanda jino kubwa, waya umelegea: zungusha kile kinati cha plastiki waya unapoingilia, unavyokifungua ndivyo waya unavyokaza. Ikisitasita kushuka, fanya kinyume. Nusu mzunguko, jaribu, nusu mzunguko, jaribu. Sio mizunguko minne kwa hasira.

e) Mwisho skrubu L, hiyo ni ya kuzuia cheni isivuke jino kubwa ikaingia kwenye spoku. Sukuma kimkono kwa mkono uone kinaishia wapi. Usipuuze hii kwasababu ikivuka ukiwa unapanda mlima, kimkono kinaingia kwenye spoku kinazungushwa, na hapo umepoteza kimkono, spoku na siku yako.

14. Habu na gololi. Fungua tu kama gurudumu linacheza kushoto kulia au linasaga. Hesabu gololi kabla hujafuta. Mara nyingi mbele ni 10 kila upande za inchi 3/16 na nyuma 9 kila upande za robo inchi. Grisi mpya, gololi zote mpya za saizi moja, usichanganye za zamani na mpya. Koni, ile nati inayokandamiza gololi, ikaze kwa vidole, irudishe kidogo sana, alafu bana na nati ya juu. Utarudia mara tano, ni kawaida, kila ukibana nati ya juu koni inasogea kidogo nayo.

15. Kunyoosha ringi. Sikushauri. Najua kinadharia: inapovutika kulia unalegeza spoku za kulia robo mzunguko na kukaza za kushoto robo. Lakini mzee wangu wa chini ya mwarobaini anaifanya kwa dakika kumi huku anapiga stori za Simba na Yanga, mi nikijaribu ringi inatoka kama chapati ya kwanza. Mlipe mtu.

16. Jaribu karibu na nyumbani. Kaza kila kitu mara ya pili, bana breki zote ukiisukuma, inyanyue mbele uidondoshe sentimita kumi usikie kama kuna kinacholia. Alafu zunguka mtaani, na spana mfukoni. Usiitoe kwa mara ya kwanza kwenye lami ya Arusha.

Ikigoma bado

*Nimeziba na inaisha upepo taratibu sana.* Weka mate kwenye mdomo wa valvu. Ikitoa povu, ni valvu. Kwenye Phoenix kile kimpira cha ndani huchoka na joto, badilisha chenyewe, ni hela ya pipi. Kwenye ile nene kaza kisindano cha ndani.

*Tairi linadunda, kama kuna uvimbe.* Halijakaa sawa kwenye ringi. Punguza upepo, minyaminya sehemu hiyo, paka maji ya sabuni, jaza tena. Likiendelea, ona kama tairi lenyewe limechanika nyuzi za ndani, hilo litupe, litakupasukia.

*Cheni inaruka nikikanyaga kwa nguvu mlimani.* Rudi kwenye rula ya hatua ya 11. Kama cheni ni mpya, ni meno ya nyuma. Kama vyote ni vipya, tafuta kiungo kimoja kilichokaza: zungusha pedali kinyumenyume pole pole, utakiona kikinyanyuka kinapopita kwenye vijigurudumu. Kipinde kushoto kulia na vidole, weka oili.

*Gurudumu la nyuma linajisogeza na kusugua fremu upande mmoja.* Nati ya kulia imelegea, cheni inalivuta. Kaza zote mbili, na washa yenye meno ikae upande wa fremu sio nje.

*Pedali inagonga "tak" kila mzunguko.* Kaza pedali kwanza, alafu bolti ya krenki. Za zamani zenye kotapini (pini inayoshikilia krenki), pini imelika, weka mpya, usiigonge tu na nyundo kila wiki ukidhani imepona. Na usiendelee kuendesha ikiwa imelegea, tundu la krenki linakuwa refu kama yai na hapo pini haikusaidii tena.

*Breki inashika upande mmoja tu.* Pembeni ya kila mkono wa breki kuna kiskrubu kidogo. Upande uliokaribu na ringi kikaze robo, upande wa mbali kilegeze robo. Kama havisaidii gurudumu limekaa mshazari, fungua nati ulikalishe upya.

*Nimefunga kila kitu na washa moja imebaki kwenye kifuniko.* Rudi kwenye picha za hatua ya 3. Kama ni ya ekseli, breki au usukani, fungua tena leo hiihii, usiseme ntaangalia kesho. Mi ninayo moja iko dirishani tangu mwaka jana, nimepitia picha zote mara tatu haionekani hata kwenye moja, nadhani ilikuwa ya kitanda.